Uzito wa Gunia

Miaka kumi na tisa nashika mizani ya chama hapa Kibosho
na sijampunja mtu hata robo.
Mkulima anatua mzigo, nasoma mshale,
natoa kilo moja ya gunia, naandika,
anatia sahihi au dole gumba, anakwenda.
Kupima ndiyo kazi yangu. Basi.

Jana usiku nilishindwa kupima kidonge.

Kilikuwa mezani, cha njano, si kikubwa kuliko punje ya hindi.
Kando yake karatasi iliyotoka ndani ya boksi,
imekunjwa mikunjo mingi hata ukadhani ni leso;
nikaikunjua, ikafunika chumvi na bakuli la mtori.
Maandishi ya sisimizi. Ini. Kongosho.
Chembe nyeupe za damu. Nywele kudondoka.
Na chini kabisa, kama mtu anayenong'ona akiziba mdomo,
saratani.

"Kunja hiyo karatasi, ule," alisema Haikasia.

Yeye anasahau haraka. Mimi sisahau
prednisoloni ya mwaka jana: uso ulifura kama mwezi mpevu
na hasira zikanijia ambazo si zangu.
Nilimkaripia binti kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.
Kijiko.

Daktari Mndeme kule rufaa hakunificha.
"Ni wachache mno," alisema,
"ila siwezi kukuapia kwamba wewe si mmoja wao."
Nikampenda kwa hilo.
Nikamchukia pia, njia nzima ya kupanda.

Wachache mno ni wangapi?
Juzi ghalani nilijaza debe kahawa ya maganda,
nikatwaa punje moja nikaipaka wino wa muhuri,
nikaitumbukiza, nikakoroga mkono hadi kiwikoni,
nikafumba macho, nikachota.
Nikachota tena. Nikachota
hadi mlinzi akachungulia dirishani:
"Karani, umepoteza pete?"

Sikuipata. Nilifurahi kidogo,
kisha nikaogopa zaidi, maana imo.
Sasa imo ndani ya gunia la mtu, inangoja kukobolewa.

Ndipo nikakumbuka hilo gunia.

Karatasi imeandika yote ambayo dawa yaweza kunifanyia.
Haikuandika ninayofanyiwa bila dawa:
chooni mara tisa usiku mmoja, tochi ya simu nimeing'ata,
nachungulia damu ambayo nilishajua ipo.
Kilo kumi na moja. Mkanda nimeutoboa matundu mapya kwa msumari.
Vyoo vyote vya kati ya hapa na Moshi mjini
navijua kwa majina ya wenye funguo.
Siku ya kipaimara cha Ndeshi nilisikia akiitwa
nikiwa nyuma ya kanisa, nimechuchumaa, nimeshika ukuta.

Huo nao ni uzito. Nani ameuandika?
Karani anayesoma upande mmoja tu ni mwizi,
hata kama anayeibiwa ni yeye mwenyewe.

Lakini hoja ni hoja, na koo ni koo.
Mkono ulitetemeka vilevile.

Alfajiri nilikifunga kwenye kitambaa, nikashuka nacho chamani
kabla watu hawajafika,
nikakiweka juu ya sahani ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Chuma kilichozoea kilo sitini hakikuona kitu.
Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya,
nikakimeza kwa chai ya jana iliyolala kwenye chupa.

Baada ya wiki mbili natoa damu, wazihesabu chembe.
Halafu tena. Halafu tena.
Nimeziandika tarehe nyuma ya daftari la mizani,
penye madeni ya mbolea.

Saa tatu kichefuchefu kilikuja, kikakaa.
Cha dawa au cha woga, hakikusema.
Mama Aikande alikuwa ameshatua kiroba chake,
mikono kiunoni, jasho shingoni.
"Karani, mbona umeganda? Soma."

Nikasoma.
Nikatoa gunia.